Kosa la Njiapanda ya Mbaga

Nyinyi mliokuwamo katika msafara wetu wa Jumamosi, kutoka Mbaga, katika milima ya Upare, kwenda maporomoko ya Thornton, hamna haja ya kuhadithiwa njia. Mliipita kwa miguu yenu, na baadhi yenu, kwa masikitiko, kwa makalio. Ninalotaka kulichambua ni ile amri iliyotolewa njiapanda, ambayo, baada ya kuipima kwa insafu yote niliyo nayo, naiona kuwa kosa lisilo na udhuru.

Kuondoka alfajiri kulikuwa sawa, na kuhesabu watu kila kituo vilevile.

Tukafika pale ambapo njia kubwa huiacha migomba na kuushika mgongo wa mlima, ikipinda na kurudi kwa taratibu kama mzee asiyedaiwa, na kijia chembamba kikatumbukia kushoto, moja kwa moja korongoni. Kiongozi wetu alisimama, akaitazama saa yake, akasema: tukate. Nimelisema mara nyingi katika safu hii, na nitalisema tena hadi mhariri achoke, kwamba mkato ni wa kupandia, si wa kushukia; kwani apandaye huulemea mlima kwa vidole na pumzi, na akichoka husimama, ilhali ashukaye hulemewa na uzito wake mwenyewe, magoti yakawa ndiyo breki, na akiteleza hana hiari ya kusimama. Fauka ya hayo, usiku wa kuamkia siku ile mvua ya vuli ilikwisha kunyesha, na udongo mwekundu wa Upare ukishalowa haumjui mgeni wala mwenyeji. Safu ikakatika mara tatu. Wa mbele hawakuwaona wa nyuma, na dakika zile zilizookolewa kwa tadbiri hiyo tulizitumia zote, na ziada, tukimfunga bibi mmoja kitambaa kwenye kifundo cha mguu.

Wala hasara haikuishia mguuni. Njia ndefu humfikisha mtu chini ya maji, akainua uso na kuyaona yakianguka tangu ukingoni hadi bwawani. Mkato ule ulitutoa juu, nasi tukasimama kwenye mdomo wa maporomoko, tukisikia ngurumo na kuona ukungu, kama watu walioalikwa karamuni wakakaribishwa jikoni. (Jina lenyewe la Thornton linanikera tangu zamani, kana kwamba maji yale yalikuwa yakingoja mgeni ndipo yaanguke, lakini hilo ni la siku nyingine.)

Na kuna jambo ambalo kiongozi, naye ni mzawa wa huko, hakupaswa kufundishwa. Mpare ndiye aliyejenga ndiva, yaani bwawa la maji ya mashamba, akayakusanya maji ya mlima usiku kucha na kuyafungulia mashamba asubuhi, akiyateremsha kwa mifereji inayoambaa mbavuni mwa kilima, kwa kuwa alijua maji yakiachiwa mteremko mkali huchimba. Kijia kinyookacho kuelekea bondeni ni mfereji tu uliochimbwa kwa viatu; masika mawili yakipita patakuwa na korongo jingine, nasi tutalitafutia mkato wake.

Laiti angaliwakumbuka waliotangulia! Mwaka 1945, maelfu ya watu waliposhuka kutoka milima hii hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, hawakuwa na viatu vya madukani wala mikongojo ya kukunja, hizo fimbo za chuma ambazo sijapata kuuona ubora wake juu ya mti wa kawaida. Na akina mama wa Gonja, hukohuko Upare, wamekuwa wakipanda na kushuka na mizigo kichwani miaka yote hiyo. Mtazameni mmoja wao akiteremka: hatua fupi, unyayo wa ubavuni, na kila palipo na mzunguko, huzunguka. Saa hatazami.

Wakati wa kurudi, jua likiwa utosini na kila mtu akiwa na nguvu za kupandia mkato, kiongozi wetu alitupitisha njia ndefu.