Pale Waya Unapokazwa

Nyumba ikiungua kwa umeme, majirani husimama barabarani wakiulaumu umeme, kana kwamba uliingia na nia yake. Fundi mzoefu akifika hapo huangalia mahali padogo zaidi. Anatafuta boksi la soketi lililoanza kuwa jeusi kabla ya mengine, na ndani yake skrubu ambayo haikukazwa sawasawa.

Waya wenyewe, ukiwa mzima na wa unene unaostahili, hauna makuu. Shaba ya milimita za mraba 2.5 ndani ya ganda lake la plastiki hulala ukutani miaka mingi ikipitisha umeme wa soketi bila kumsumbua mtu, na ile ya 1.5 hufanya hivyo kwa taa. Taabu huanza pale waya unapokatwa ili ushikane na kitu kingine: swichi, soketi, holda ya taa, breka. Ndiyo maana nauona ufundi wa umeme wa majumbani kuwa, kabla ya yote, ufundi wa viungo. Bisibisi, plaizi, kisu na testa, vifaa ambavyo mtu anaweza kuvibeba vyote kwenye mfuko mmoja wa suruali, vipo kwa ajili ya sentimita moja ya mwisho ya waya.

Hesabu yake si ngumu. Birika la wati 3,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 13. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, ampea hizo zikipita hapo huzaa joto la karibu wati 17. Kwa chumba kizima wati 17 si kitu. Lakini hapa zimebanwa mahali padogo kama punje ya mchele, ndani ya boksi lililofunikwa, nyuma ya kabati. Shaba inabadilika rangi na kuota utando, utando unaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, na plastiki ya soketi inaanza kulainika. Breka haitaona lolote. Kazi ya breka ni kupima mkondo unaopita, na kiungo kilicholegea hakiongezi mkondo hata kidogo. Kile kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini nacho kitatulia, maana hakuna kilichovuja. Mwenye nyumba anaweza kuwa amelipia ulinzi wote unaouzwa madukani, na bado usalama wa sehemu hiyo ukategemea mkono wa fundi siku ile aliyoishika bisibisi.

Kwa hiyo tuiheshimu bisibisi. Ncha yake inapaswa kujaa mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene. Ncha iliyo nyembamba kuliko mfereji huteleza, hula kichwa cha skrubu, na mkono unadhani umefika mwisho wakati shaba bado ina nafasi ya kucheza. Mpini nao una hesabu yake: kadiri ulivyo mnene, ndivyo kiganja kinavyopata nguvu ya kuzungusha. Hapa nina ugomvi na tabia iliyoenea mno, ya kufanya kazi nzima ya nyumba kwa testa peke yake. Testa ina mpini mwembamba na ncha ndogo, na haikuumbwa kukaza.

Testa iliumbwa kuuliza. Ndani ya mpini wake kuna rezista kubwa na kitaa cha neoni, gesi ambayo William Ramsay na Morris Travers waliitambua London mwaka 1898. Fundi akigusa waya kwa ncha na kuweka kidole kwenye kichwa cha mpini, mkondo mdogo sana, usioweza kuhisiwa, unapita kwenye kitaa, unapita mwilini mwake na kuelekea ardhini. Kitaa kinawaka kwa sababu yeye mwenyewe amekuwa sehemu ya njia. Sijui kifaa kingine cha mkono kinachomtegemea mtu namna hii. Lakini kitaa kisipowaka, hilo halitoshi kuwa jibu. Huenda kimeharibika, au jua ni kali na mwanga wake hauonekani. Fundi mwangalifu hugusa kwanza mahali anapojua pana umeme, halafu anagusa pale anapotaka kufanya kazi, kisha anarudi tena pale pa kwanza. Ukimtazama kwa mbali utadhani anapoteza muda.

Plaizi nzuri za umeme zina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, kuonyesha kwamba mpini wake umejaribiwa kwa kazi za umeme. Mpini uliovuliwa ganda na kuzungushiwa tepu hauna haki ya heshima hiyo, hata tepu ikiwa mpya. Kisu nacho kina adabu yake. Anayezungusha makali kuuzunguka waya ili alivue ganda huacha mkato mwembamba kwenye shaba, na hapo ndipo waya utakapokatika ukikunjwa mara ya pili au ya tatu. Mwenye kujua hulaza kisu na kuchonga kwa mshazari, kama achongaye penseli, mpaka shaba itokee bila jeraha. Kisha, ikiwa waya ni mwembamba na tundu la terminali ni pana, huukunja mara mbili kwa plaizi ili skrubu ikute kitu cha kukandamiza. Nyaya mbili zikiingia tundu moja, huzisokota pamoja kwanza. Ganda lifike mlangoni mwa tundu: likiingia ndani, skrubu itauma plastiki, likibaki nyuma sana, shaba itakaa wazi.

Tindo na nyundo, ambavyo ndivyo vyenye kelele kuliko vyote, vina kazi fupi: kuchimba mfereji ukutani, kulaza paipu, kupachika boksi kabla ya lipu. Hata hivyo boksi likikaa vibaya, kiungo kizuri huharibika. Soketi inayotikisika ukutani kila plagi inapochomolewa huzivuta nyaya zilizo nyuma yake, siku baada ya siku. Ndiyo maana naona fahari kwamba rolplagi, kile kipande kinachotangulia skrubu kwenye tofali, kilizaliwa katika kazi yetu hii. John Joseph Rawlings alikibuni mnamo 1911 alipokuwa na kazi ya kufunga vifaa vya umeme kwenye kuta za Makumbusho ya Uingereza jijini London, kuta ambazo hazikupaswa kuharibiwa. Leo vinashikilia vioo, rafu na televisheni, na wengi wanaovitumia hawajui kwamba fundi umeme ndiye aliyevihitaji kwanza.

Shaba yenyewe ina historia iliyo karibu nasi kuliko maandishi ya kigeni kwenye roli za nyaya yanavyoonyesha. Huko Katanga, kusini mwa Kongo, katika dola ambayo Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, aliitawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, wahunzi walijua kuivuta shaba hadi iwe uzi. Waliipitisha kwenye tundu la chuma, kisha kwenye tundu dogo zaidi, na zaidi, wakapata nyuzi nyembamba za kusukia bangili. Viwanda vya leo vinafanya jambo hilohilo kwa mashine. Na shaba ya Katanga bado inapita kwetu: malori yanaingia Tunduma yakiwa na mabamba mekundu na kushuka nayo hadi bandari ya Dar es Salaam, yapakiwe melini yaende kugeuzwa nyaya ng'ambo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi nchini Zambia hadi Dar es Salaam, ilikamilika mwaka 1975, na shaba ya Zambia ilikuwa sababu mojawapo kubwa ya kuijenga.

Kwa sababu hiyo huniuma kuona nyaya zenye ngozi tu ya shaba na moyo wa alumini zikiuzwa kama shaba tupu. Ukikwangua kwa kisu, weupe unatokea. Alumini hupitisha umeme, ndiyo, lakini ni adui wa kiungo: hupanuka na kusinyaa kuliko shaba, hulegea chini ya skrubu, na utando wake huzuia umeme. Marekani ilijifunza hayo kwenye nyumba zilizowekewa nyaya za alumini kati ya 1965 na 1973, wakati bei ya shaba ilipopanda. Fundi anayekwangua ncha ya roli mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa hamtukani mtu. Anamlinda mteja ambaye pengine hatamwona tena.

Nimesimama mara nyingi kwenye nyumba ambazo hazijaisha nikisikiliza mafundi wakifundisha vijana wao, na maneno ninayoyapenda kuliko yote hutamkwa ngazini, uso ukiwa ukutani.

"Dogo, usiniambie umekaza. Vuta nione."

Kijana anaushika waya na kuuvuta kwa nguvu ya kiasi. Ukichomoka, anaanza upya kimyakimya. Ukikaa, anasema, "Umeshika, fundi," na wanahamia tundu linalofuata: laivu, nyutro, ethi, soketi baada ya soketi, mpaka jioni.

Wapo mafundi wanaorudi miezi michache baada ya watu kuhamia. Wanazima meni swichi, wanahakikisha kwa testa, wanafungua ubao wa breka na kupitia skrubu moja moja. Waya wa nyuzi saba hujipanga upya chini ya skrubu baada ya kupata joto na kupoa mara nyingi, na skrubu iliyogoma siku ya kwanza huenda sasa ikakubali robo mzunguko. Ziara hiyo haimo kwenye makubaliano mengi ya kazi niliyoyaona. Ningependa iandikwe humo, pamoja na bei yake, na mwenye nyumba ailipe bila kulalamika.