Mizani ya Nyota

Apigaye picha ya anga la usiku bila mtambo wa kuzifuata nyota hufungwa na sharti moja: dunia haisimami. Kila saa huzunguka nyuzi 15, na kamera iliyo juu ya miguu yake mitatu huzunguka nayo. Ikiachwa wazi kwa muda mrefu, nukta ya nyota hugeuka mstari.

Ili kuuepuka mstari huo, wengi huitegemea kanuni ya 500: 500 hugawanywa kwa milimita za lenzi, jibu likawa sekunde. Kwa kamera za kipimo cha filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 24 hupewa takriban sekunde 20. Ya milimita 50, sekunde 10. Kanuni hii yamfaa mwanafunzi, lakini huzipima nyota zote kwa kipimo kimoja. Nyota za mshipi wa Orioni, zilizo karibu na ikweta ya anga, hukimbia pichani takriban mara mbili ya zile za Msalaba wa Kusini. Sekunde ziutoshazo Msalaba huuvuruga mshipi. Ndivyo alivyo mshairi ahesabuye mizani kwa vidole asisikilize mahadhi: hesabu imetimia, ilhali shairi haliimbiki.

Jambo hili lawahusu mno watu wa pwani. Unguja, iliyo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, nyota zenye mwendo mkubwa ndizo zipitazo karibu na utosi. Nyota ya Kaskazini haionekani kamwe, na kitovu cha kusini kimelala karibu na upeo wa macho. Kwa hiyo yale maduara makubwa yazungukayo juu ya milima na minara, yanayosifiwa sana katika picha za Ulaya, hayawezi kuwa kigezo cha huku. Mashariki mwa kisiwa nyota huchomoza karibu wima. Picha za nusu saa zikiunganishwa, huonyesha mistari iliyosimama kama milingoti.

Aghalabu, hata hivyo, hubandikwa anga la nchi nyingine juu ya jahazi la pwani. Picha hiyo yaweza kupendeza, lakini kama ushahidi wa mahali imekwisha kuharibika. Afadhali mpigapicha angoje maji yakupwe, jahazi litulie mchangani, kisha aiache mistari ya mashariki isimame nyuma yake. Mtazamaji wa pwani atalitambua anga lake.