Halijoto Pasipo Hali: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Fizikia

Istilahi njema hubeba fasili yake ndani ya umbo lake. "Halijoto" ni mojawapo: haitaji joto tu, bali hali ambayo joto limekwisha tulia ndani yake. Lakini sifa hiyo ndiyo inayotulazimu kuihoji istilahi hii inapotumiwa kuelezea usumaku unaobadilishwa ghafla na mwanga.

Mwaka 1996, huko Strasbourg, Ufaransa, Beaurepaire na wenzake waliupiga utando mwembamba wa nikeli kwa mimweko ya leza yenye muda wa femtosekunde 60. Femtosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Usumaku ulishuka kabla hata femtosekunde 1,000 hazijatimia. Katika kulieleza jambo hilo, watafiti hao walitaja halijoto tatu ndani ya kipande kimoja: ya elektroni, ya spini, na ya wavu wa atomi.

Hapa pana utata. Nikeli ikipashwa moto polepole hupoteza usumaku wake kwenye nyuzi takriban 355 za Selsiasi, na kipimajoto husema kweli, kwa kuwa sehemu zote zimekwisha patana. Chini ya leza, elektroni ndizo zinazotangulia kupokea nishati, na katika femtosekunde za mwanzo hazijapatana hata zenyewe kwa zenyewe. Kuzitajia halijoto ni kuzipa hali ambayo hazina.

Yamkini mtetezi atajibu kwamba hicho ni kielelezo tu, tena chenye manufaa. Tunakubali. Hata hivyo, kielelezo hicho huhesabu nishati, nacho hunyamaza juu ya swali jingine: usumaku ukipotea, mzunguko uliobebwa na spini huenda wapi? Mwaka 2022 watafiti wa Konstanz, Ujerumani, walionyesha kwamba katika nikeli mzunguko huo hupokewa na atomi za wavu, ambazo hutikisika kwa kuzunguka.

Hatupendekezi istilahi hii itupwe. Tunalopendekeza ni kwamba mfasiri aandike "nishati ya elektroni" hadi elektroni zitakapotulia, na hapo ndipo aandike "halijoto". Pale anapofasiri kielelezo chenyewe, hana budi kueleza kwamba neno limetumiwa kwa makadirio. Kiswahili kimeliweka sharti hilo wazi ndani ya neno lenyewe. Si haki msomaji wetu anyimwe faida yake.