Ufundi wa Kuihamisha Sauti: Deki ya CD na Kompyuta katika Nyumba ya Keshero

Mabishano kuhusu chombo kinachomfaa zaidi msikilizaji makini nyumbani, deki ya CD au kompyuta, huendeshwa kana kwamba kila kimoja kina sauti yake, ilhali vyote viwili hubeba tarakimu zilezile na kuzikabidhi kwa kifaa cha aina moja, yaani kigeuzi, ambacho huzifanya tarakimu hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata umbo la wimbi la sauti. CD, iliyobuniwa na Philips na Sony na kuanza kuuzwa Japani mwaka 1982, huhifadhi vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stereo, na kila kipimo, kinachoitwa sampuli, huandikwa kwa biti 16. Nakala iliyohamishwa vizuri kutoka kwenye diski hadi kwenye kompyuta ina sampuli hizohizo bila kupungua hata moja. Anayestahili sifa, basi, ni fundi anayezihamisha, na kazi yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Keshero, mtaa ulio magharibi mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara iendayo Sake, umejengwa juu ya lava ya kale, na vumbi la mawe ya volkano si rafiki wa plastiki laini inayosomwa kwa mwale wa leza. Wabunifu wa CD waliliona tatizo la mikwaruzo mapema, wakaongeza kwenye diski biti za akiba zinazowezesha kosa kusahihishwa kikamilifu hata pale ambapo takriban milimita 2.5 za njia ya leza zimeharibika. Mkwaruzo ukizidi hapo, deki hukisia sampuli iliyopotea kwa kuangalia jirani zake, kisha huendelea bila kumwambia mtu, kwa sababu muziki unaosikika haungoji. Kompyuta haina haraka hiyo. Programu kama Exact Audio Copy husoma kipande kilekile tena na tena hadi majibu yalingane, na intaneti ikipatikana, huyalinganisha na majibu ya watu wengine waliokwisha kuinakili diski ileile. Diski moja yenye makovu inaweza kula alasiri nzima, na fundi asiye na subira ataishia kuhifadhi makisio huku akiamini kwamba amehifadhi muziki.

Baada ya kusoma huja uamuzi wa namna ya kuhifadhi. FLAC, muundo wa faili uliotolewa mwaka 2001, hubana sauti bila kutupa chochote, kwa hiyo kila biti hurudi mahali pake faili inapofunguliwa, ilhali MP3 hutupa yale yanayodhaniwa kwamba sikio halitayakosa, tena huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili. Ukimya huo ni jambo dogo kwa wimbo unaojitegemea, lakini rumba nyingi ya Kongo ilitoka kwanza katika santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo ukikatwa pande mbili, na mara nyingi sebene, ile sehemu ambamo magitaa huachiwa uwanja, iliangukia upande wa pili. Fundi anayeunganisha pande hizo kwa faili zenye ukimya huifanya sebene ijikwae mlangoni.

Hata hivyo, mjini Goma hoja nzito kuliko zote ni umeme. Kituo cha Matebe huko Rutshuru, chenye uwezo wa megawati 13 hivi, kilizinduliwa mwaka 2015, na tangu 2020 kampuni ya Nuru ina mtambo wa sola wa megawati 1.3 mjini; lakini mapigano ya mwishoni mwa Januari 2025 yaliuacha mji bila umeme wala maji, na mwenye deki alibaki na sanduku zuri lisilosema. Inverta ya bei nafuu haimwokoi sana, kwa kuwa hutoa wimbi la umeme lenye ngazi badala ya mteremko laini, na transfoma ya deki au ya amplifaya huweza kulijibu kwa mvumo. Kompyuta ya mkononi inayotumia betri yake hukata njia inayopitisha mvumo wa aina nyingine, ule unaozunguka kupitia waya wa ardhini. Kasoro yake ni kelele za ndani, ambazo hupunguzwa kwa waya wa mwanga usiopitisha umeme kabisa, au kwa kigeuzi chenye saa yake ambacho huiamuru kompyuta lini ilete sampuli badala ya kufuata mwendo wake usiotulia. Deki haihitaji hatua hizo, kwani ilizaliwa kwa kazi moja tu. Ama wanaotafuta faili za biti 24, ikumbukwe kwamba biti 16 tayari hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa, na mvua ya Goma juu ya mabati huimeza sehemu kubwa ya nafasi hiyo.

Kuna pia suala la majina. Mkusanyo wa Francophonic, ambao kampuni ya muziki ya Sterns ya London ilianza kuutoa mwaka 2008 kwa nyimbo za mwanamuziki wa rumba Franco Luambo, ulikuja na kijitabu cha maelezo. Faili inayopitishwa kutoka simu hadi simu mara nyingi huja na neno «Track 05» pekee. Fundi wa kweli huandika ndani ya faili jina la mtunzi na la mpiga gitaa, pamoja na mwaka, kwa kuwa jina lisipohamishwa pamoja na sauti, kazi imefanyika nusu.

Jambo la mwisho ambalo fundi huyu hupimwa kwalo ni lile analokataa kulifanya. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Katanga mwaka 1952, na rekodi za safari za Tracey zilifika kwenye CD kupitia Sharp Wood Productions ya Uholanzi zikiwa na umri wa miongo kadhaa. Kompyuta inaweza kuufuta mchakacho wa kale ulio nyuma ya gitaa kama hilo kwa kubonyeza mara moja, lakini mchakacho huo na mguso wa ukucha juu ya waya hukaa katika masafa yaleyale, na programu inayoondoa kimoja hupunguza kingine. Fundi makini huiacha rekodi ilivyo.