Sikio la Msimulizi: Mlio wa Bunduki na Kiambishi -ka-

Katika nathari ya Kiswahili, kupigwa risasi husimuliwa kwa mfuatano uliozoeleka: bunduki ikalia pa, askari akaanguka. Mfuatano huo hauhojiwi, ilhali unafichua jambo ambalo mwandishi huenda hakulikusudia, yaani mahali aliposimama msimulizi.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya kisasa ya vita hutoka mtutuni kwa zaidi ya mita 700. Kwa aliye umbali wa mita 400, risasi ndiyo hutangulia. Aliyepigwa huanguka kabla mlio haujafika. Aliyekoswa husikia milio miwili: mpasuko mkali wa risasi inayopita, kisha kishindo kizito cha mtutu. Mpasuko humhadaa, kwani hauonyeshi mpigaji alipo. Kishindo ndicho kielekezi, na pengo kati ya milio hiyo ndilo kipimo cha umbali.

Kwa hiyo "ikalia… akaanguka" ni kauli ya mtu aliye kando ya mtutu. Masimulizi yanayomlilia mhanga huku yakisikia kwa sikio la muuaji wake yana ufa. Wala lugha haikosi nyenzo: "alikuwa ameshaanguka mlio ulipofika" ni Kiswahili cha kawaida kabisa. Tanakali sauti nazo zipo, ta kwa mpasuko na bu kwa kishindo, lakini mara nyingi pa moja hubebeshwa kazi yote, ya karibu na ya mbali.

Gobori lina utetezi wake. Gololi yake hupungua kasi upesi, na mlio huweza kuifikia njiani; -ka- katika visa vya misafara ya kale haina hatia. Hatia huanza mfuatano huohuo unapohamishiwa Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, ambako wapiganaji wa Maji Maji walilikabili boma lenye bombomu. (Jukwaani hali ni tofauti: mwongozaji wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, huamua mwenyewe mlio uingie lini.) Mwandishi wa riwaya anayeanza na mlio humnyima msomaji ule muda mfupi ambao mwenzake mpiganaji ameanguka na hakuna kilichosikika bado, naye aliyesimama, mwenye maji mwilini, hajajua ni nini kilichomwangusha.