Masufuria Yaliyoumana

Asubuhi ya baada ya harusi, pale Ngamiani mjini Tanga, nyumba ya mama mkubwa hugeuka ghala. Vyombo alivyokodisha vinarudi kwa mkokoteni: masinia, madumu ya maji, miiko mirefu kama makasia, na masufuria ya pilau yaliyopangwa moja ndani ya jingine. Yeye huketi barazani na kikombe chake cha kahawa, haongei, anahesabu. Hesabu ikitimia ndipo anapouliza swali ambalo vijana wa mkokoteni hawapendi kulisikia: "Haya, yapi yameumana?"

Hayakosekani. Sufuria la kwetu halina mikono. Lina ukingo tu uliopinduliwa kwa nje, na ubavu wake huingia ndani kidogo kadiri unavyoshukia kitakoni. Umbo hilo ndilo linaloyawezesha kupangwa, na ndilo linaloyatia matatani, kwani sufuria likisukumwa ndani ya mwenzake huwa kabari. Seti mpya ya dukani haisumbui sana, kila moja limepishana na linalofuata kwa nafasi ya kutosha. Balaa ni masufuria mawili yanayokaribiana ukubwa, yaliyotoka kwa mafundi tofauti, na moja limeshabonyea kwa kazi hata limepoteza uduara wake.

Kosa lenyewe hufanyika usiku. Shughuli imekwisha, waoshaji wamechoka, kila mtu anataka kulala. Sufuria la nje limetoka kusuuzwa kwa maji ya moto, bado lina uvuguvugu. La ndani limeshapoa na linachuruzika maji. Wanalitumbukiza. Linaingia vizuri, tena linazama kuliko siku zote, maana alumini ikipata joto hutanuka. Kufika alfajiri la nje limepoa, limesinyaa, limemkumbatia mwenzake. Maji yameziba upenyo wa ubavuni kama lakiri, na ule mvuke uliobaki katikati ya vitako viwili umegeuka matone. Hewa iliyonaswa mle imepungukiwa nguvu, huku hewa ya nje ikiendelea kubana kama kawaida yake, takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Chukua kitako chenye upana wa sentimita 40: kanieneo ya ndani ikipungua kwa sehemu moja tu ya kumi, sufuria limekaliwa na uzito unaozidi kilo 120. Hiyo ni mifuko miwili ya saruji na ushee. Kijana anayevuta kwa mikono haioni mifuko hiyo. Anaona sufuria jeuri.

Nimemtazama mama mkubwa katika kazi hii tangu ningali mtoto wa kutumwa barafu, na jambo nililochelewa kuling'amua ni kwamba kwa kitambo kirefu huwa hatenganishi chochote. Anasikiliza. Analiweka pacha lile juu ya gunia, analizunguka akigonga ubavu kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kama mtu anayepima nazi. Palipogusana panatoa sauti nzito iliyokufa. Penye upenyo panalia. Akifika penye sauti iliyokufa anatia alama ya mkaa. Kisha anayainamisha na kubonyeza kitako cha ndani. Povu au tone la maji likichungulia ukingoni, anajua mshikaji ni maji na hewa. Pakiwa pakavu, chuma kimeuma chuma. Kuna na yale yanayocheza lakini hayatoki. Hapo anatafuta mbonyeo uliojipachika, na dawa yake ni kuzungusha tu mpaka mbonyeo ukutane na sehemu pana.

Yaliyoshikwa na maji na hewa hayampi kazi. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kwenye mzingo wa ukingo, hasa kwenye alama za mkaa, kisha anarudi kwenye kahawa yake. Mafuta yanajipenyeza yenyewe. Akimaliza kikombe anaingiza mpini wa mwiko chini ya ukingo, upande mmoja tu, anainua kidogo. Fyuu! Hewa imeingia, na mifuko ya saruji haipo tena. Vijana hushangaa kwamba hakuvuta. Upande mmoja ndio siri yote: anayenyanyua pande zote kwa pamoja anapigana na uzito wote kwa pamoja.

Kazi inayonifanya nisogeze kigoda ni ile ya chuma kuuma chuma. Hapo mama mkubwa huagiza barafu kwa jirani anayeuza mabonge ya mifuko, na karai pana la maji linabandikwa jikoni. Barafu na maji kidogo yanakwenda katika sufuria la ndani, yanaachwa mpaka ukingo utoke jasho. Karai linateguliwa maji yakiwa ya moto lakini hayajafikia kuchemka, na pacha zima linaketishwa humo. La nje linatanuka, la ndani limesinyaa. Ni kiasi gani? Sufuria la sentimita 40 likitoka nyuzi 25 hadi 75 linaongezeka upana kwa karibu nusu milimita. Ni kiasi kidogo, basi. Lakini kwa vitu vilivyoumana, nusu milimita ni mlango.

Na mlango huo haukai wazi. Alumini hupitisha joto upesi mno, mara kumi na zaidi kuliko chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo ukichelewa joto linavuka ubavu, la ndani nalo linatanuka, mnarudi mlikoanzia mkiwa mmepoteza barafu. Ukiwahi sana, la nje halijatanuka. Mama mkubwa hupima muda huo kwa kusoma Alhamdu mara moja, bila kuikimbiza. Akifika "amin" mikono yake imeshatua ukingoni, imevikwa vitambaa, na kijana mmoja ameshikilia la nje. "Usivute, baba. Shikilia tu." Hanyanyui mara moja. Anazungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mwanamke anayekaza ndoo juu ya kata, na katika zungusho la tatu au la nne sufuria linapanda lenyewe mkononi mwake. Barafu bado inaelea ndani.

Nikiri kwamba nimejaribu mwenyewe mara nyingi na huwa nawahi. Nasoma haraka.

Jina sufuria, kwa asili yake, ni jina la madini ya shaba. Limetokana na neno la Kiarabu, na sufuria za zamani za pwani zilikuwa za shaba zilizotiwa bati kwa ndani. Shaba hutanuka kidogo kuliko alumini. Nadhani, basi, kwamba bibi zetu walisumbuka kuzitenganisha kwa joto zaidi yetu, ingawa vyombo vyenyewe vilikuwa vichache na havikurundikwa mlima kama siku hizi.

Moto wenyewe mama mkubwa hautaki. Wapo wanaoliweka pacha juu ya mafiga ili la nje lipate joto, wakisahau maji yaliyonaswa chini. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Yasipopata njia, sufuria la ndani litaruka, na aliyeinama kulitazama ataungua uso. Kisu nacho hakitaki, kwa kuwa kinachana ukingo. Kwa bilauri za chai zilizobanana hutumia utaratibu uleule lakini kwa kubembeleza: maji baridi ndani, nje uvuguvugu wa kuvumilika mkononi, kwani kioo kikishtuliwa hupasuka. Vyombo vya bati vyenye rangi anavitilia mafuta na kuvisubiri, hata kutwa nzima, maana joto na baridi la ghafla huvibandua maganda.

Ipo sufuria moja aliyoipiga nyundo kijana wake, siku ambayo mama mkubwa alikuwa amesafiri. Ilitoka, ni kweli. Kitako kilifura, haikai sawa juu ya mafiga, na ukingo umechanika urefu wa kidole. Hakuitupa wala hakumfukuza mtu. Sasa inachemshiwa maji ya kuoshea vyombo, na anayeibeba kila shughuli ni yule yule kijana.