Kitabu kipi cha maua kinunuliwe kwanza?

Msomaji wetu mmoja, ambaye mwana wake anakaa Ohio, kule Marekani, ametuomba shauri. Kijana amepata kiwanja kidogo mbele ya nyumba, naye anataka kupanda maua yale ambayo majani yake hufa wakati wa baridi kali, kisha huchipuka tena mizizini mwaka ufuatao. Fedha yake yatosha kitabu kimoja tu. Achague kipi?

Tumevitazama viwili. Cha kwanza ni Herbaceous Perennial Plants cha Allan Armitage, kilichotoka mwaka 1989. Bwana huyu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Georgia, nchi ya joto na unyevu, akayajaribu maua katika bustani ya chuo. Kitabu ni kinene, nacho chaaminika. Lakini maua yamepangwa kwa majina ya Kilatini. Sisi tuliofundishwa Kilatini seminarini tulifurahi kweli, kijana je? Yampasa kujua jina la ua kabla ya kulitafuta, na jina ndilo asilolijua.

Cha pili ni The Well-Tended Perennial Garden cha Tracy DiSabato-Aust, cha mwaka 1998. Mama huyu amelima huko huko Ohio, naye afundisha kazi ya mikono: lini kukata, lini kugawanya mashina. Tutoe mfano wa asta ile iitwayo ya New England. Ikiachwa, yaweza kupita mita moja na nusu, ikalala chini siku zile zile za kuchanua. Kumbe ikikatwa nusu mwezi wa 6 hivi, hurudi fupi yenye matawi mengi, ikasimama bila kufungiwa mti. Picha nzuri haimwambii mtu neno hilo. Hulijua mwaka umekwisha potea.

Kina kasoro pia. Majira yake ni ya Ohio, na mtu wa Texas akiyafuata atakosea. Tena asta hiyo siku hizi wataalamu huiita Symphyotrichum.

Kijana anunue hiki cha pili. Cha Armitage akiazime maktaba. Ila kabla ya kulipa, atafute humo ua moja alilokwisha kuliona kwa jirani, asome kama ubaya wake umetajwa pamoja na uzuri. Akipata chapa ya zamani kwa bei ndogo, asiikatae. Aandike tu kwa kalamu ya risasi jina jipya kando ya lile la kale.